Kinamasi Ulichonilindia

Kwa Mae, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na kibanja bado kinakupa ndizi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ng'ambo haina adabu. Mwinjilisti anayekusomea barua hii nampa pole. Najua unamkatiza kila mstari.

Barua yako imenifikia. Nililia niliposoma kwamba kinamasi chetu hapo Kagoma kimekauka, mguu hauzami tena, na ile mimea midogo myekundu inayonasa nzi imebaki michache. Mvua za Novemba, mwezi wa senene, hazikufika tena. Mwalimu wangu anasema dunia inazidi kupata joto, na mimea ile haina pa kuhamia. Maji yakiondoka, nayo imekwisha.

Unakumbuka nilivyoijua? Wakati wa vita, ndege zikipita kuelekea Bukoba mjini, ulituficha mimi na dada Koku kwenye nyasi za kinamasi. Kutwa nzima nilimtazama nzi akijaribu kujinasua kwenye ute wa jani. Kadiri alivyohangaika ndivyo alivyonata. Sasa ninaitunza mimea hiyohiyo ndani ya nyumba ya vioo, na nzi ni mimi. Koku alipokufa kwa huu ukimwi unaomaliza vijana wa kwetu sikuja kumzika, kwa sababu tiketi ya kurudi nitapewa nikimaliza masomo tu, na masomo hayaishi mpaka watu wa mwalimu wangu wakichunguze kinamasi kile misimu miwili mingine. Ndiyo maana nilikuandikia usiruhusu jembe pale. Nawe ukakilinda miaka yote, jirani yako akikucheka kwamba unachunga majani.

Leo unaniomba ruhusa upande maharage na viazi, watoto watatu wa Koku wapate kushiba. Mama kumwomba mtoto ruhusa! Naona aibu, Mae. Nimekaa na barua yako siku tisa bila kujibu, maana kikilimwa sijui nitamaliza nini wala nitarudi lini.

Mwinjilisti, hapa msomee polepole, usiruke neno: Lima, Mae.

Nisalimie watoto wa Koku, shangazi wa Nshamba, na huyo jirani aliyekucheka. Mwambie alete jembe lake akusaidie. Anzia pale ulipotuficha. Pale unyevu hukawia kuondoka.

Mwanao aliye mbali,
Kemilembe