Mbwa Aliyegeukia Ukuta

Kwako Kaka mpendwa,

Pole na kazi, na pole zaidi na baridi ya huko ng'ambo. Natumaini goti lako limetulia. Sisi tupo. Mama anakusalimu, siku hizi anakusalimu mara tatu kwa asubuhi moja, kwa kuwa anasahau.

Uliniuliza kwa nini niliacha kiwanda cha nguo nikaenda kuosha vibanda kwenye kituo cha mbwa waliotupwa. Leo nakujibu, ila nianzie mbali kidogo.

Pale kituoni tulikuwa na mbwa jike wa makamo, aliyepewa jina Bibi. Aliletwa shingo imechubuliwa na mnyororo. Akisikia hatua za mtu alijibana kwenye kona, uso ukutani, akitetemeka. Daktari wa mifugo alisema kidonda kimepona, kilichobaki ni hofu, nayo hana sindano yake. Watu wanaokuja kuchukua mbwa wanapenda watoto wa mbwa wanaorukaruka. Wakimwona huyu amewapa mgongo, walipita.

Mwalimu mmoja alimchukua, akamrudisha siku ya nne. Alisema amemwita mpaka sauti imekauka, ni kama kufuga kiatu. Tulicheka, kisha tukaona aibu. Maharusi wawili wakajaribu; Bibi alijificha nyuma ya jokofu, akagoma kula. Akarudishwa tena. Mkuu wa kituo akatuambia waziwazi kwamba akirudishwa mara ya tatu, atachomwa sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Ndipo akaja fundi saa mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe. Aliomba aonyeshwe mbwa asiyetakiwa na mtu. Hakumwita wala hakumnyooshea mkono. Aliketi sakafuni, akampa mgongo, akafungua gazeti na kusoma kwa sauti ya chini. Alikuja hivyo kila siku. Siku ya kumi na tisa, Bibi alisogea akaweka pua kwenye mkono wa shati lake. Mzee hakugeuka. Aliendelea kusoma matokeo ya mpira.

Sasa Bibi anaishi kwake, analala chini ya meza ya kazi, na wiki hii amekula huku mzee akiwa chumba kimoja naye.

Kaka, Bibi ni Tunu. Tunu wako, mbwa uliyeniachia.

Nilikuandikia kwamba amekufa kwa homa, nawe ukanishukuru kwa kumzika vizuri. Barua yako ile ninayo, na sijawahi kuweza kuisoma mara ya pili. Nilipoolewa, mume wangu hakutaka mbwa ndani, nikamfunga nyuma ya nyumba. Nilijiambia ni kwa muda tu. Lakini usimlaumu shemeji yako, hakuwahi kumgusa. Mimi ndiye niliyekuwa nikirudi kutoka kazini nimechoka, nikamkuta anabweka, nikampiga. Nilimpiga siku nyingi. Jirani aliwaita watu wa kituo, na walipogonga, nilisema mbwa huyo si wetu.

Miezi miwili baadaye nikaomba kazi pale. Nilidhani nitamlea mpaka anisamehe. Mwaka mzima nilimwekea chakula kwa mkono wangu, na hakula hata mara moja nikiwa mbele yake.

Jumapili nilikwenda kwa mzee nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akifuta kioo cha saa ambacho tayari kilikuwa safi. Kisha akasema, "Mwandikie kaka yako. Akimtaka mbwa wake, sitamzuia. Ila wewe, binti yangu, usije tena hapa. Ulipoingia tu, amejikojolea."

Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Likizo yako ikifika, nenda ukamwone Tunu, ukae sakafuni, usimwite kwa haraka. Kwangu usipite kama moyo hautaki. Mama sijamwambia, hilo nakuachia wewe.

Nakutakia afya, na wenzako wa kazi nawasalimu wote.

Ni mimi, mdogo wako, kama bado unanihesabu.