Sabuni Kwenye Upinde wa Bwana Gherman

Mpendwa Mama Veturia wa ukurasa wa ushauri, kabla hujanihukumu nisikilize kwanza, maana akili imenifikia mwisho na Jumamosi inakuja. Mimi ni mpiga viola, ile fidla ya sauti nzito ambayo watu huisahau, katika orkesta ya mjini kwetu, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa na Dada Smaranda tukisoma karatasi moja ya noti za muziki. Mwezi wa Machi wizara ikatupeleka Japani kujenga urafiki wa mataifa, wakubwa wakawa wengi kuliko wapiga tarumbeta, na nafasi za maofisa zilipojaa, Bwana Gherman wa wizarani, aliyefundishwa viola kidogo akiwa na miaka tisa, akaandikishwa kuwa mwanamuziki na kupewa kiti cha Smaranda. Kondakta wa orkesta akaniita pembeni. "Atakaa nawe. Hakikisha hasikiki, la sivyo na wewe utabaki nyumbani."

Basi mama, nikanunua sabuni. Upinde wetu, ule ufito wa kupigia fidla, hupakwa utomvu mkavu wa msonobari ndipo nyuzi zilie, lakini ukiupaka sabuni unateleza tu, bubu kabisa. Kila siku kabla ya onyesho niliomba nimsafishie upinde, naye akanishukuru kwa adabu, akakaa na kusugua nyuzi, macho ameyafumba, akiamini sauti yote ile anaitoa yeye, na gazeti moja la Osaka likamsifu bwana wa nyuma upande wa viola kwa utulivu wake, akarudi na nishani. Smaranda nilimwambia nafasi zilipunguzwa. Kumbe alitusikiliza redioni mchana akifunga sarmale, nyama ndani ya majani ya kabichi, jikoni kwake, na nilipompelekea upepeo wa zawadi akauangalia weee, kisha akasema, "Mzuri. Ila mdogo wangu, nilisikia kiti changu kiko kitupu." Nikacheka kama mjinga, nikauliza habari za wajukuu.

Sasa Jumamosi balozi wa Japani anatutembelea, na Bwana Gherman atapiga mbele yake katika kikundi cha watu wanne, viola akiwa yeye peke yake, na ameniletea upinde. "Nitayarishie kama kule Osaka, dada. Una mkono wenye baraka." Nikipaka sabuni hatatoa sauti na wote wataona, nikipaka utomvu watamsikia. Na orodha ya safari ya Brazili imetoka, yumo tena yeye, Smaranda hayumo, na ni Smaranda anayestaafu Desemba. Nipake nini?

Mwenye Sabuni, kando ya mto Prut

Mwenye Sabuni,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimekunja uso. Najua kazi ya orkesta haiuzwi sokoni pamoja na vitunguu, na kondakta wako alikubana vibaya. Lakini usinifanye mtoto. Umeniandikia habari za upinde wa mwanamume huyo kana kwamba ni mgonjwa wa kulazwa, na Smaranda umemchomeka mwishoni.

Upake utomvu, tena leo, usingoje Jumamosi. Mwite Bwana Gherman kwenye chumba cha mazoezi, funga mlango, mwombe apige dakika mbili akiwa peke yake. Kwa mara ya kwanza ataisikia sauti yake mwenyewe. Kisha mweleze habari ya sabuni, bila kupambapamba, maana nishani ile ulimpa wewe. Akiendelea kutaka kupiga, apige. Balozi ni mtu mzima, ameshakaa kwenye hotuba za mawaziri wetu na akatoka salama.

Halafu nenda kwa kondakta, umwambie kiti cha Brazili kirudi kwa mwenyewe. Akikataa, mpe Smaranda chako. Najua hapo umeshtuka. Safari zako nyingine zipo, na yake ni hii moja tu.

Ila kabla ya hao wote, pita kwa Smaranda. Usimpelekee zawadi nyingine. Mpelekee ile sabuni, uiweke mezani, useme ulichofanya, halafu unyamaze umsikilize. Yeye alikuwa jikoni kwake, bara lingine, mikono imejaa kabichi, akasikia kwamba kile kiti ni kitupu. Wewe ulikuwa umekaa kando ya kiti hicho.

Mama Veturia