Tangi Halina Samaki Bado

Sneek, 9 Mei

Kwa Kaka yangu mpendwa Douwe,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na kwa Mama, ambaye yuko hapa kando yangu na kikombe chake cha kahawa, akinihimiza nisisahau kukuuliza habari za goti. Je, linaendeleaje? Na shemeji Renske, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku ni wazima. Mama ana miaka themanini na minane na bado anakagua madirisha ya majirani kama yamefutwa. Nami sijambo kabisa, ila nina jambo la kujivunia ambalo nikikaa nalo peke yangu nitapasuka.

Kaka, nina tangi la samaki. Ndiyo, mimi Wietske, ambaye Baba alikuwa akisema nikishika glasi tu watu watafute ufagio. Nimelipata kwa mjane mmoja wa Bolsward, lita mia mbili na arobaini, pamoja na kabati lake la chini. Lilikuwa limekaa ghalani miaka sita likihifadhia viazi. Chokaa ilikuwa imegandamana kwenye kioo hata ukitia mkono ndani, aliye nje hauoni.

Siku ya kwanza niliposhika kitambaa, jirani yangu Hylke, katibu wa chama cha wafuga samaki, alikuja kuegemea uzio, mikono mfukoni, akaniuliza kama nimepata mbegu ya viazi vinavyoogelea. Nikamwambia kama ameleta mdomo peke yake aurudishe nyumbani, na kama ana mikono aivushe. Basi akaivusha, na chupa nne za siki juu yake. Tulilowesha vitambaa kwa siki, tukavibandika kwenye kioo, tukanywa kahawa, kisha nikakwangua kwa wembe taratibu. Siku tatu nzima. Kioo kilipoanza kuonyesha waridi za upande wa pili nilipiga kelele mpaka Mama akatoka nje akidhani nimejikata.

Kisha tukalipima kama linavuja. Tuliliweka uani juu ya magazeti, tukalijaza maji, na kila asubuhi nilikwenda kupapasa karatasi kwenye kingo. Pembe moja ilikuwa imelowa. Nikamwaga maji yote, nikakata gundi ya zamani, nikapaka mpya kwa mkono wangu, nikasubiri wiki nzima ikauke. Mara ya pili magazeti yalibaki makavu hata Mama akayaokota akasoma matangazo ya vifo. Changarawe niliiosha ndoo kumi na saba, mpaka maji yakatoka meupe.

Ikabaki sponji ya chujio. Nikajaza ndoo maji ya moto na sabuni ya kijani, maana wewe unajua, nyumbani kwetu kitu hakijawa safi mpaka kinukie sabuni ya kijani. Hylke na miaka yake sabini akaruka uzio akifoka, wee mama, unataka kuwaua kabla hujawanunua? Akaimwaga ndoo yote kwenye mfereji. Akanieleza kwamba sponji hunywa sabuni na haiitoi ukiisuuza; huja kuitoa ndani ya tangi, kidogo kidogo, na kukicha samaki wote wamekufa. Nilikaa kwenye ngazi nikabaki kuitazama ile sponji. Hylke alidhani nimekasirika, akaniomba radhi. Sikuwa nimekasirika, kaka. Nitakueleza.

Sasa tangi liko sebuleni, mbele ya dirisha. Mimea imepangwa kwa safu, mirefu nyuma na myekundu katikati, vile alivyopenda Baba. Watu wanasimama barabarani kuangalia. Yule mama wa namba kumi na tisa, ambaye hajanisalimu tangu tulipogombania mti wake, alibisha hodi kuuliza mimea nimeitoa wapi. Hylke alinikamulia sponji chafu kutoka tangi lake, akisema uchafu ule ndio unaoyapa maji uhai. Wiki mbili sasa vipimo vinaonyesha maji yako tayari. Kila siku ananiuliza nangoja nini, anasema nina bwawa zuri kuliko yote Friesland na mwenye bwawa hayumo. Sijamjibu. Ninakujibu wewe.

Unaukumbuka mwaka ule majaji wa chama walipokuwa waje nyumbani kulipatia alama tangi la Baba. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na mmoja. Ijumaa mchana, Baba akiwa kazini, niliitoa sponji nikaiosha kwa sabuni ya kijani mara tatu, nikairudisha. Nilitaka nisifiwe. Jumamosi asubuhi mimi ndiye niliyetangulia kushuka. Samaki wote arobaini walikuwa wakielea, na pembeni mwa maji kulikuwa na povu. Nililichota lile povu kwa kikombe, nikalimwaga, nikaosha kikombe. Ndipo nikamwita Baba. Alipouliza nani amegusa tangi, nikamwonyesha makombo ya mkate wako wa viungo juu ya kifuniko.

Ulisema uliwapa chembe tu. Hakuna aliyekusikiliza. Tangu hapo, kila sherehe ya kuzaliwa, viti vikishapangwa duara na keki kugawiwa, lazima mtu aseme Douwe asogezwe mbali na tangi, watu wacheke. Hata harusini kwako Baba alisimulia. Na mimi nilicheka, kaka, miaka arobaini na minne. Renske aliniambia kwamba binti zako walipoomba samaki uliwajibu mkono wako hauwafai viumbe. Ningeweza kusema nilikuwa mtoto na sikujua. Lakini lile povu nililifuta. Nisamehe.

Nimemsomea Mama barua hii. Ameweka kikombe chini, akasema niandike kwamba na yeye alicheka.

Tarehe 14 Juni natimiza hamsini na tano. Kabla ya keki nitasimama katikati ya duara niwaambie wote kama nilivyokuambia. Hylke ametuwekea samaki arobaini, wale wenye mstari wa buluu. Ninaomba uje, uushike mfuko wewe, uwafungulie kwa mkono wako. Usipotaka kuja sitakulaumu. Nitaendelea kubadilisha maji kila wiki, na samaki hawataingia.

Mpe shemeji na binti zako salamu zangu, na ulitunze hilo goti.

Ni mimi mdogo wako,
Wietske

Tena: Mama anataka uje na mkate wa viungo. Nimemuuliza Hylke kuhusu chembe moja kwenye tangi kubwa kama la Baba. Amesema haiui hata samaki mmoja.