Mlango Sirudishi

Baba yangu mpendwa,

Mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani chai ameniandikia tena, nirudishe mlango wa kituo. Nimekataa. Nakueleza wewe kwa kuwa ulinijua nilivyo mkaidi. Ulikuwa ukicheka, "Huyu nikimwambia achume majani mawili, ataniuliza kwa nini sio matatu."

Unakumbuka mchana ule wa mvua, pikapu ya maziwa uliyopanda ilipoteleza kwenye kona chini ya shamba letu na kukurusha katikati ya michai. Majirani walikuja mbio. Ulilala chali, macho wazi, na hakuna aliyevumilia kukuona hivyo. Rafiki yako Mzee Kiprono akasema, "Mkalisheni. Mtu mzima hatuwezi kumlaza kama maiti." Tukakukalisha. Mimi ndiye niliyekushika mgongo. Ukaniambia, "Chepkemoi, miguu sisikii," nami nikakujibu, "Pole Baba, tunafika saa hii." Simu ya karibu ilikuwa Kapsoit, mbali mno kuitia ambulensi. Tukakupakia kwenye gari la jirani umekaa, wanaume wawili wakikushikilia, barabara ikikurusharusha. Hukufika hospitali.

Kwenye mazishi waliniambia ni mipango ya Mungu. Niliwakatalia mbele ya mchungaji. Nikaenda kujifunza huduma ya kwanza kwa muuguzi wa zahanati, na siku ya kwanza tu akasema aliyeumia mgongo asikalishwe. Alazwe juu ya kitu kigumu, afungwe asitikisike. Nililia darasani, Baba, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mwaka jana trekta la majani lilipinduka kwenye kona ile ile, dereva akaumia mgongo. Mzee Kiprono akaanza, "Mkalisheni." Nikamwambia, "Mzee, huyu analala. Ukimkalisha tutakosana." Tulipokuwa tukiung'oa mlango wa kituo tumlaze juu yake, akaniuliza polepole, "Kwa hivyo siku ile, babako..." Nilimpa upande wa mbele abebe. Tulimfunga dereva kwa leso na kamba, kichwa nikakishika mimi hadi hospitalini.

Jumapili iliyopita dereva alikuja kanisani na magongo, lakini kwa miguu yake. Mlango unakaa kwa Mzee Kiprono, na siku hizi ajali ikitokea yeye ndiye anayefika nao wa kwanza akisema, "Alale, alale."

Mwenyekiti analalamika kwamba mbuzi wanaingia kituoni. Waingie.

Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako, niliyekushika mgongo,
Chepkemoi