Harusi Moja, Nyumba Mbili

Faleloa, Foa,
Ha'apai, Tonga.
14 Juni 2023

Mpendwa mwanangu Sosaia,

Pokea salamu za shangazi yako. Hujambo? Na bi harusi wetu Lupe, hajambo? Baridi ya Brisbane haimtesi? Sisi huku wazima. Moyo wangu unadunda kwa ukaidi wake uleule. Kidonda cha mguu wa baba yako kinaanza kufunga, ila bado hajaruhusiwa kupanda ndege, na chakula kisicho na chumvi anakilalamikia kutwa.

Najua utacheka: shangazi ana waifai nyumbani, halafu anaandika barua ya karatasi. Cheka tu. Mambo mengine hayasemwi kwa simu, maana simu yangu inasikika mpaka kanisani.

Nataka ujue yale usiyoyaona. Daktari aliponikataza safari, nililia, sikufichi. Mtoto wa kaka yangu aoe, na kiti cha juu, ambacho kwa mila yetu ni cha shangazi, kiwe kitupu? Ndipo ukatuma ile ruta, kisanduku cha kutoa waifai, ukaniambia nitakikalia kiti changu kwa njia ya mtandao.

Sasa, zawadi ya namna hiyo haiwekwi ovyo. Niliifunga kwa nguo ya magome, nikaiweka kwenye sanduku langu la bati pamoja na mikeka ya marehemu mama, waya ukatokea upenyoni. Nikajiona nimemaliza kazi. Lakini simu ilishika mtandao nilipokaa juu ya sanduku tu. Nikisogea kidogo, sura yako inaganda mdomo wazi.

Binti yangu Kalolaine, unajua ndiye anayeangalia kompyuta za ofisi ya shule kule Pangai, alipofunua sanduku alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mama, mbona umeizika ingali hai?"

Akanieleza taratibu. Intaneti inafika nyumbani kwa njia moja, kwa ule waya unaotoka nje. Ruta inaigeuza kuwa mawimbi kama ya redio, inayatawanya pande zote. Simu inayadaka na kujibu vivyo hivyo. Ukuta wa mbao yanaupenya, ila bati linayarudisha na maji yanayameza. Ofisini kwao wameitundika juu, katikati ya chumba, mbali na makabati ya chuma. Nilinuna kidogo, kisha nikaona ana haki. Kitu cha heshima hukaa juu. Tukaitundika kwenye nguzo ya kati.

Likabaki la baba yako. Nyumba yake iko nyuma ya lile tangi la saruji la maji, na mawimbi yalikuwa yanaishia hapo. Kalolaine, mji umemlegeza, akasema mjomba aje tu kwangu tutazame wote. Nilimtazama mpaka akainamisha macho. Tangu tulipobalehe, mimi na baba yako hatujawahi kukaa chumba kimoja tukatazama kitu. Ndiyo heshima ya kaka na dada, na sitaivunja uzeeni.

Baba yako akamtuma mama yako aje kuniambia, "Kaka yako Feleti anasema shangazi ndiye mwenye harusi. Yeye atasimuliwa."

Asimuliwe harusi ya mwanawe! Nilimrudisha mama yako na jibu: kama kaka haoni, na mimi sioni, na kiti kikae kitupu.

Kalolaine hakubishana nami. Alienda kuazima shuleni kijisanduku kidogo kinachodaka mawimbi ya ruta na kuyapeleka mbele. Akakiweka kwenye dirisha la jiko la nje, pembeni mwa tangi, mahali panapoona nyumba zote mbili. Simu ya baba yako ikaingia kwa nywila ileile ya kwangu. Hiyo nayo tuliibadilisha asubuhi ya harusi, maana vijana wa jirani walikuwa wameshaipata, wamejipanga ukutani kwangu wakitazama raga. Bomba ni moja, kila anayekinga ndoo anampunguzia mwenzake.

Basi Jumamosi nikafunga kiunoni mkeka wangu wa sherehe, nikakaa, nikakubariki, na wewe ukaniinamia mbele ya watu wote. Mwanangu, nilivimba kwa fahari mpaka mkeka ukabana! Tabaka la juu la keki ni langu, usidhani nimesahau.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni picha uliyotuma Jumatatu. Nyuma yako kuna ile skrini kubwa ya ukumbini: upande mmoja mimi, upande mwingine baba yako, bega kwa bega, wote tunalia. Mwiko hatukuuvunja, kila mtu alikuwa kwake. Jana mama yako alikuja na viazi vikuu na swali, kama ningeona vibaya picha hiyo ikitundikwa ukutani kwao. Nikamwambia aitundike. Yangu iko chini ya ruta. Ni miaka zaidi ya hamsini, Sosaia, nilikuwa nimesahau kwamba mimi na kaka yangu tuna kidevu kimoja.

Msalimie Lupe na wazazi wake. Kalolaine anakusalimu, na mama yako anasema ule. Mungu aijaze nyumba yenu watoto wenye adabu, na wawe na kidevu hicho.

Wako akupendaye daima,
Shangazi yako,
Melenaite