Sauti ya Pili

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Bagara hatujambo. Babu yako anapura maharage. Tunaambiwa sasa tuko mkoa mpya wa Manyara, ila vumbi ni lilelile.

Umeniuliza kwa nini nyimbo ninazoimba nikipepeta mahindi huzitambui. Ni za kanisani, ila mimi naimba sauti ya pili tu, na ukiisikia peke yake unadhani ni wimbo mwingine.

Nilipokuwa msichana, kwaya yetu ya vijana ilikwenda Singida kwa basi. Nilikaa kiti kimoja na rafiki yangu Regina. Njia nzima yeye aliimba ya kwanza, mimi ya pili. Kule wenyeji walitugawana majumbani, na nyumba iliyompokea Regina ilikuwa na kijana. Mwaka haukuisha, akaolewa hukohuko.

Safari iliyofuata, mwalimu wa kwaya akaniambia, "Anzisha wewe, ya kwanza unaijua." Kweli naijua. Nikafungua mdomo, ikatoka ya pili.

Mpaka leo namwachia Regina nafasi yake. Ya kwanza sijamfundisha mtu. Ukija likizo, nitakufundisha wewe.

Bibi yako