Bata Aliyekataliwa Jikoni

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa mtaani kwetu Gerezani. Bibi yako hajambo, anataka picha yako.

Umeuliza kama wawindaji tulichukia msimu wa bata kufungwa. Mimi nilichukia! Nilisema bwana nyama, afisa wa wanyamapori, anatuonea tu. Siku moja nikawinda kwa kuiba huko Ruvu, nikachinja bata mmoja, nikamletea bibi yako. Alipompasua akakuta mayai, mengine hayajapata ganda. Hakunigombeza. Alishika tumbo lake mwenyewe, akasema taratibu, "Huyu simpiki, bwana."

Tangu hapo, msimu ukifungwa, bunduki yangu ilikaa uvunguni bila kusubiri kuambiwa.

Katika tumbo lile, Salma, alikuwamo mama yako.

Babu yako